Mikono ya Wifi na Vifungo vya Waziri

Wifi yangu tunamwita Mikono. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, wala hatumwiti hivyo kwa dhihaka. Lilimjia lenyewe tu, kama mafua. Mikono yake haijui kutulia. Ukisimama karibu naye na kola yako imekunjika, utashtukia imenyooshwa. Ukiwa na uzi unaoning'inia kwenye sketi, ameshaukata kwa meno kabla hamjamaliza kusalimiana. Siku moja kwenye kituo cha basi alimfunga zipu ya mkoba mwanamke asiyemjua. Yule mwanamke akapiga yowe la mwizi, na Mikono, badala ya kukimbia kama wafanyavyo wezi wenye akili zao, akabaki palepale akimpa pole na kumpangusa vumbi begani. Watu walipofika na kukuta mwizi anampangusa mwenye mali vumbi, walitazamana, wakatawanyika.

Hata kwenye ibada hawezi. Tunapoinamisha vichwa namsikia pembeni yangu anamfunga mtoto wa mbele mkanda wa gauni. Niliwahi kumnong'oneza kwamba Mungu anamwona. Akanijibu, "Ndiyo maana nataka likae vizuri."

Ameolewa na mdogo wangu wa kiume. Amelea watoto wengi, wa tumbo lake na wa watu, na wote wamekua wamekwenda zao. Nyumba ilipobaki na watu wawili, mikono ile yote ikamwangukia mdogo wangu. Akawa anavalishwa soksi. Kikombe cha chai kilimfuata alipokaa, sukari imekwisha kukorogwa, mshikio umeelekezwa upande wa mkono anaoutumia. Mdogo wangu hakulalamika. Mwanamume gani angelalamika? Lakini mimi nilimwona wifi yangu anapungua siku hadi siku. Mtu aliyezoea kunawisha nyuso nyingi, ukimwachia uso mmoja tu, tena wenye ndevu, anakosa raha.

Mimi ni mpishi kwenye kituo cha watu wenye ulemavu wa akili. Wanaletwa na jamaa zao asubuhi, wanashinda pale wakijifunza kazi ndogo ndogo na stadi za maisha, jioni wanachukuliwa. Tunawaita vijana wetu, ingawa mmoja wao ana mvi kunishinda mimi. Hapohapo kuna kozi ya watu wanaotaka kuwa wasaidizi wa vijana hao, na anayefaulu mtihani wa vitendo anapewa kazi. Elimu ya msingi inatosha, walisema, mradi mtu awe na moyo. Nikamwendea mwalimu wa kozi nikamwambia ninaye mtu mwenye moyo, na mikono pia anayo. Akafurahi sana. Maskini, hakujua.

Mwalimu huyo ni binti mpole, sauti yake ya chini, na ana neno moja analolipenda kuliko maneno yote: subiri. Siku ya kwanza aliwaeleza kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anajifunza kama mtu mwingine yeyote, ila kwa mwendo wake. Kwamba kazi yoyote, hata kunawa, ukiichambua ina hatua nyingi ndogo, na unamfundisha hatua moja moja. Unaanza kwa kusubiri. Akikwama, unamwambia. Akikwama tena, unamwonyesha. Kumshika mkono ndiyo iwe mwisho kabisa, tena kwa ridhaa yake. "Ukimfanyia kitu anachoweza kukifanya," alisema, "umemnyang'anya."

Nilikuwa nasikiliza kupitia dirisha la jikoni, lile tunalopitishia sahani, ambalo linafungukia ukumbini. Nikamwona wifi yangu anaitikia kwa kichwa, kwa dhati kabisa, huku mikono yake inampangia jirani yake penseli kwa urefu.

Waliagizwa wamtafute mtu nyumbani wa kujizoezea kusubiri. Mikono alikuwa naye mmoja tu. Asubuhi iliyofuata mdogo wangu akaketi mezani akangoja chai, na mkewe akaketi mbele yake akamtazama. Chupa ya chai ikawa katikati yao kama mgeni asiyejuana na mtu. Baadaye mdogo wangu alinijia kazini, amevaa soksi za rangi mbili, akanivuta pembeni.

"Dada, nimemkosea nini mke wangu? Ananitazama tu. Nikimwomba chai ananiambia vizuri sana, umeomba vizuri, sasa hatua inayofuata ni ipi?"

Nikamwambia ni masomo. Akaniuliza masomo yenyewe yanakwisha lini.

Sasa niwaeleze habari za Waziri. Huyu ni mmoja wa vijana wetu, mtu mzima ambaye kipara kimeanza kumwingia, na tumempa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake: mikono nyuma, tumbo mbele, macho yanakagua. Kila asubuhi anapita jikoni, anafunua sufuria, ananipa mkono, ananiuliza habari za kazi, kisha anaondoka kabla sijajibu, kama ilivyo kawaida ya wakubwa. Hana maneno mengi.

Mtihani wa vitendo ulikuwa hivi tangu zamani: msaidizi anamfundisha kijana kufunga kamba za viatu. Na kijana anayechaguliwa ni Waziri kila mara, kwa sababu ni mtulivu, na kwa sababu ndiye peke yake mwenye viatu vya kamba. Akifaulu kufunga anapigiwa makofi na kupewa biskuti.

Zamu ya Mikono ilipofika, mtihani haukuchukua muda. Waziri akaketi, akanyoosha mguu, kamba zimelegea. Mikono akapiga magoti ili amwonyeshe. Aliposimama, kamba za viatu vyote viwili zilikuwa zimefungwa, soksi zimevutwa juu, na ncha ya kiatu imefutwa kwa leso. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. "Nilishika kidogo tu," alimwambia mwalimu. Waziri aliviangalia viatu vyake, akamwangalia yeye, kisha akageukia ukuta. Makofi hayakupigwa, biskuti haikutoka. Siku ile yote alinuna, na kesho yake hakuja kukagua sufuria zangu.

Kituo kinampa mtu nafasi ya kurudia mara moja, basi. Ukishindwa tena kozi imekuishia, na kazi umeikosa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Mikono akanishika mkono, baada ya kuukung'uta unga kwanza. "Wifi," akaniambia, "nikikosa hii nitarudi nyumbani kufanya nini? Nimvalishe mdogo wako soksi mpaka tufe?"

Nikamwambia tumwombe Mungu. Tukamwomba. Nikamshauri pia ajaribu kuikalia ile mikono.

Haikupita wiki akaja mapema kunisaidia kumenya viazi. Tukiwa pale dirishani, tukamwona Waziri ameingia ukumbini peke yake. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimefungwa vizuri, fundo limekaa sawa, masikio yake yamelingana. Akaangalia saa ya ukutani. Akaketi. Akainama akazifungua kamba zote, akazilegeza kwa uangalifu, akanyoosha mguu mbele, akaweka uso wa mtu asiyejua lolote, kisha akangoja watu wa kozi waje wamfundishe.

Mikono akaacha kumenya, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kumbe ndivyo mambo yalivyokuwa. Waziri alijua kufunga kamba tangu zamani, labda tangu kundi la kwanza kabisa. Ila aliona kila kundi linakuja na hamu ya kumfundisha, na akishafunga watu wanafurahi mpaka machozi yanawatoka. Mtu muungwana angefanya nini hapo? Alikuwa anazifungua ili watu wafaulu. Wasaidizi wangapi wamepata ajira kwa huruma ya Waziri, Mungu ndiye ajuaye. Na Mikono peke yake, kati ya wote hao, alifeli kwa sababu hakumpa nafasi ya kumsaidia.

Angenyamaza, mtihani wa kurudia ungekuwa mteremko. Alichotakiwa kufanya ni kuketi na kukunja mikono, Waziri angemalizia yaliyobaki. Lakini kabla chakula cha mchana hakijaiva alikuwa ameshamwendea mwalimu na kumweleza yote. "Mtu anajua kamba, na sisi tunamrudisha kwenye kamba kila siku," akamwambia, "na vifungo vya shati bado anafungwa na mama yake."

Hilo tulilijua wote. Mama yake Waziri ni mzee, anatembea akipumzika. Kila asubuhi anamleta mwanawe, na pale getini anamalizia kumfunga vifungo vya juu, kwa sababu nyumbani pumzi humwishia katikati. Aliwahi kumwambia Mikono, kwa namna ya mzaha, kwamba Waziri hapendi fulana, anapenda mashati tu, "na mimi nikishakwenda sijui atavaa nini." Alicheka alipolisema hilo. Sisi hatukucheka.

Mwalimu alipolisikia la kamba alifunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani analia, kumbe kicheko kimemshinda. Akaubadilisha mtihani palepale. Kuanzia sasa ni vifungo. Wenzake Mikono kwenye kozi wakamnunia, kwani nao mtihani wao ulikuwa haujafika. Mmoja wao, fundi baiskeli, akamwambia mbele ya watu, "Mama, mikono yako tulishaizoea. Leo umeongeza na mdomo?"

Na vifungo ni kazi nyingine kabisa. Waziri alipopewa shati lililo wazi, alimsogelea Mikono, akainua kidevu, akangoja. Hapo hakuwa anaigiza. Maisha yake yote vifungo vilikuwa kazi ya watu wengine. Mwalimu akawaelekeza waanzie chini, pale macho yanapofika, na wazichambue hatua: shika kifungo, tafuta tundu, ingiza ukingo, vuta upande wa pili. Mikono akavuta kiti akaikalia mikono yake kwelikweli, kiti kikawa kinayumba kama kina injini ndani, na sauti yake inatetemeka anapotaja hatua. Waziri akikosea humtazama kwa huruma, kana kwamba anayehitaji msaada ni Mikono.

Siku kifungo cha kwanza kilipoingia kwenye tundu, ingawa si tundu lake, nilipiga mwiko kwenye sufuria. Waziri akapewa biskuti. Akaivunja, nusu akala yeye, nusu akamtilia wifi yangu mdomoni, kwa kuwa mikono yake bado ilikuwa imekaliwa.

Nyumbani nako mambo yakawa yanasonga. Mdogo wangu alikuwa ameanza kujimiminia chai. Aliijaza majani mpaka ikawa nyeusi, na mkewe aliinywa hivyohivyo, bila kuongeza kitu, akiwa amebana viwiko kama mtu aliyefungwa kamba.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi kutoka makao makuu, bwana mmoja mrefu, mpole, amechukua faili mbili kwapani. Alipoingia nikaona kamba ya kiatu chake cha kushoto inaburura sakafuni. Nikamtazama Mikono. Ameshaiona. Nikasema moyoni, Ee Bwana, msimamie mja wako.

Mkaguzi akasoma masharti kwa sauti. Msaidizi akimfanyia kijana hatua yoyote anayoiweza mwenyewe, hata mara moja, mtihani umekwisha. Mikono akaketi, akaingiza mikono chini ya mapaja. Waziri akasimama mbele yake na shati la buluu lililo wazi. Mama yake aliombwa siku hiyo asilifunge. Akalifunika kwa sweta njia nzima, akasema hawezi kumpitisha mwanawe barabarani kifua wazi kama hana mwenyewe.

Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikazunguka kidogo, kikaingia. Cha tatu akaruka tundu. Nilikiona, mwalimu alikiona, na Mikono alitetemeka kama aliyemwagiwa maji baridi. Kuanzia hapo kwenda juu kila kitu kilihama. Waziri aliendelea polepole, ulimi nje kidogo, anashika, anatafuta, anaingiza, anavuta. Alisimama katikati akapumzika, akaangalia dirisha, akarudi. Ukumbi mzima tulikuwa tunapumua naye. Niliona midomo ya wifi yangu inacheza. Nilidhani anataja hatua, kumbe anasali.

Mwishowe upande mmoja wa kola ulikuwa umepanda mpaka chini ya sikio, na juu kabisa kilibaki kifungo kimoja kisicho na tundu. Waziri akainamisha kidevu akajitazama.

"Tayari," akasema.

Nilimwona wifi yangu mabega yakipanda. Nikaukaza mwiko mkononi. Yakashuka. "Umefunga mwenyewe," akamwambia.

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kuandika, na ili aandike vizuri akavuta mguu mbele. Ile kamba ikajilaza sakafuni, mbele kabisa ya Mikono.

Nadhani vyote alivyovizuia tangu kifungo cha tatu vilitafuta mahali pa kutokea. Kufumba na kufumbua alikuwa chini, amemfunga mkaguzi kamba, fundo juu ya fundo, na anamvutia soksi.

Kalamu ya mkaguzi ilibaki hewani. Mwalimu akafumba macho. Mikono alipogundua alipo, hakuweza hata kuinuka. Vidole vikabaki juu ya kiatu cha mtu kana kwamba vimegandishwa kwa gundi.

Waziri ndiye aliyetembea. Akaja taratibu, mikono nyuma, kola sikioni, akainama akamgusa wifi yangu begani.

"Subiri, mama," akamwambia, kwa sauti ileile ya chini ya mwalimu. "Mwache ajaribu mwenyewe."

Kisha akaifungua ile kamba, yote, mpaka fundo la pili. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mkaguzi, akamwonyesha kamba kwa kidole. "Shika hii."

Mkaguzi aliwatazama watu waliojaa ukumbini, akaweka faili chini, akashika. Waziri akamtajia hatua moja, akasubiri. Akamtajia nyingine, akasubiri. Sijui ni macho ya watu au nini, lakini vidole vya yule bwana vilichanganyikiwa, fundo likamponyoka. Waziri hakumgusa. "Polepole," akamwambia. "Hatuna haraka." Fundo lilipokaa, Waziri akaanza makofi, sisi wote tukafuata, na yeye akaja dirishani kwangu kudai biskuti. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mkaguzi. Nikampa, akaipeleka, na yule bwana akaila palepale mbele za watu.

Akapangusa makombo kabla hajasema. Alimwambia wifi yangu kwamba karatasi yake inauliza kitu kimoja tu, kama msaidizi amemfanyia kijana kazi yake, na kwa Waziri hakumfanyia. "Mimi simo kwenye mtihani," alisema. "Ningekuwamo, ungekuwa umefeli." Mikono akalia machozi, na mwalimu alipokuwa anatafuta kitambaa cha kumfuta, akamzuia, akajifuta mwenyewe.

Waziri alishinda na shati lake hivyohivyo. Alikataa sweta, alikataa hata aproni ya kuoshea vyombo, kwa sababu ingefunika vifungo. Jioni mama yake akafika getini. Nilikuwa nimetoka na wifi yangu kumpokea. Yule mzee alimwona mwanawe kwa mbali, shati limekwenda upande, kola imepanda, na hata kabla hajamfikia mikono yake miwili ilikuwa imeshainuka kwenda kifuani kwake.

Mikono aliwahi. Nilidhani anakwenda kunyoosha lile shati yeye. Badala yake akaipokea mikono ya yule mama, akaishika yote miwili ndani ya mikono yake.

"Mwache, mama. Amejifunga mwenyewe."

Mama akamtazama mwanawe kuanzia chini, kifungo kwa kifungo, midomo inacheza. "Vyote?"

"Vyote."

Waziri akainua kidevu. Safari hii hakutaka kufungwa, alitaka kuonekana.

Wifi yangu akamwachia yule mzee. Mikono yake ilijaribu tena kuinuka, naye akairudisha, ikajaribu tena. Mwisho akaipeleka nyuma mgongoni, akaushika mmoja kwa mwingine, wakaondoka hivyo wote wawili, mikono nyuma, polepole, kama mawaziri wawili wanaokagua barabara.

Tuliwatazama mpaka wakakata kona. Nilipogeuka kurudi jikoni nikakuta mkanda wa aproni yangu umefunguliwa, umenyooshwa, na umefungwa upya.